Mdogo wangu mwenye ulemavu wa akili anamaliza hela kwa marafiki. Nimkataze wasionane?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dada wa Makorora, Tanga. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27 na ana ulemavu wa akili; alisoma kitengo cha elimu maalumu. Anasaidia kusukuma mkokoteni soko la Mgandini, jioni anawaoshea vyombo mama lishe. Anachopata hakifiki nyumbani, kinaishia kijiweni kwa vijana wa bodaboda. Anawanunulia chipsi, soda, vocha. Juzi nimegundua deni la sh 46,000 dukani kwa jina lake. Mmoja wao alimpeleka akaweka kidole kusajili laini ya simu ambayo hatuijui iko wapi. Mama ana sukari, mimi nauza vitumbua, hatuna cha ziada. Mwezi uliopita tukamkataza kutoka na mama akachukua simu yake. Sasa haongei, hali vizuri, anakaa mlangoni tu. Rafiki mwingine aliye naye ni mwenzake wa kitengo, anakaa Pongwe, naye hana kitu. Tuendelee kumzuia, au tumwache waendelee kumla hela?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na lile unalolisubiri: mrudishieni simu yake, na mwacheni atoke. Kabla hajarudi kijiweni kuna mambo ya kutengeneza, na moja ni la leo hii, nitalifikia. Lakini kumfungia ndani kumeshawagharimu zaidi ya hizo hela. Umeandika mwenyewe kuwa haongei na hali vizuri. Huo ni upweke, na mtu mwenye ulemavu wa akili ukishampata haumtoki upesi, maana watu wake ni wachache tangu mwanzo.

Hebu tumtazame anavyoishi. Aliokua nao hapo mtaani wameoa, wengine wako Dar, wengine wako bandarini. Yeye alipomaliza kitengo hapakuwa na pa kwenda. Tafiti za nchi nyingi kuhusu maisha ya watu wenye ulemavu wa akili zimekuta jambo lilelile: watu wanaowazunguka ni wachache, na wengi wao ni ndugu au wahudumu wanaolipwa. Kwetu hao wahudumu hawapo, kwa hiyo wanabaki ndugu peke yao. Kijiweni ndipo mahali pekee ambapo mtu asiye ndugu yake humwita kwa jina na kumsogezea nafasi kwenye benchi.

Na nafasi hiyo anailipia. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi, na yeye ameligundua hilo bila kufundishwa na mtu. Hawezi kusimulia mechi ya Coastal Union watu wakamfuata. Mzaha ukienda kasi unampita. Hana pikipiki ya kumwazima mtu. Kitu kimoja anachoweza kufanya kikawafurahisha wote ni kununua chipsi. Usidhani hajui kuwa hela inaisha. Wengi niliowafundisha walijua vizuri kabisa, na bado walinunua, kwa sababu walitaka kukaa na watu. Ukimwambia "wanakula hela yako" unamwambia analolijua, na hujampa njia nyingine ya kukaribishwa.

Tuelewane pia kuhusu kukopeshana. Sisi tusio na akiba tunaishi kwa kupeana. Unga wa mchele ukikuishia usiku unagonga kwa jirani, na mkaa ukimwishia yeye anagonga kwako. Hakuna anayesema mmoja wenu anaonewa. Mdogo wako ana haki ya kuwa ndani ya kupeana huko kama mtu mzima yeyote, na kuna siku atapoteza kama sisi tunavyopoteza. Kwa hiyo mimi sitazami kama hela inatoka. Natazama kama kuna kinachorudi. Na kinachorudi kinaweza kisiwe hela: kupakiwa nyuma ya pikipiki mvua inaponyesha, kutetewa anapoitwa zezeta, kuulizwa "jana mbona hukuja?" Kaa naye chini, muulize taratibu kuhusu kila mmoja wa wale vijana. Usimuulize nani mbaya. Muulize nani alimpa nini, lini, nani alimrudisha nyumbani. Utashangaa jinsi anavyokumbuka.

Nina hakika utakuta hawafanani. Kijiwe kimoja huwa na mtu anayekula kwa mazoea tu, anayemdhulumu kwa makusudi, na anayemjali kweli ila hajawahi kuambiwa kuwa nyumbani kuna shida. Anayedhulumu ana alama zake. Humtafuta siku ya malipo na kumkwepa siku nyingine. Humwambia asiseme nyumbani. Humtishia kwa kumwacha: "hununui, basi usikae hapa." Humtuma kazi ambazo yeye mwenyewe hataki kuzifanya kwa jina lake, na hiyo laini ya simu ni mfano kamili. Huyo mmoja mkatazeni, wazi kabisa, na mwambieni mdogo wenu sababu. Akiwa amemtisha au kumpiga, nendeni polisi bila kusubiri mazungumzo ya mtaa.

Lakini mmoja tu, mwanangu, asije akawafutia na wengine. Uingereza, ambako mtu mwenye ulemavu hulipwa posho na serikali, kuna kisa kilichowafanya watu wengi wafikiri upya. Steven Hoskin, mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, alikuwa akiishi peke yake katika mji wa St Austell, Cornwall. Watu aliowaona marafiki walihamia chumbani kwake, wakashika fedha zake, wakamtesa, na Julai 2006 wakamuua. Uchunguzi ulionyesha kuwa kabla ya hapo alikuwa akipata msaada wa ustawi wa jamii kila wiki, akasema hautaki tena, na ukakoma bila watu kutafuta vya kutosha kujua kwa nini. Nakuletea habari nzito namna hii kwa sababu ya jambo hilo moja. Waliomdhulumu walipata nafasi pale macho mengine yalipoondoka. Mdogo wako leo ana wewe na mama. Mkimwondolea kila mtu wa nje, siku mama atakapokuwa hayupo na wewe umeolewa Handeni au Moshi, wa kwanza atakayekuja na soda mkononi atamchukua mzima mzima, na hapatakuwa na mtu wa kusema "huyu simwamini."

Wazazi wa Vancouver, Kanada, waliliona hili wakaanzisha mwaka 1989 shirika linaloitwa PLAN. Swali lao lilikuwa moja: sisi tukifa, watoto wetu watabaki na nani? Wakaamua kuwajengea kila mmoja kundi la watu wachache wanaomjua na wanaojuana wenyewe kwa wenyewe. Hilo la kujuana ndilo lenye nguvu. Wewe huhitaji shirika kulifanya. Imamu anayemjua, yule mama lishe mwenye huruma, binamu mmoja, dereva mmoja wa kijiweni, na namba zao wote ziwe kwako na yako iwe kwao.

Sasa nije kwa huyu wa Pongwe, uliyemtaja kwa mstari mmoja, mwishoni, na kusema "naye hana kitu." Nimeusoma mstari huo mara kadhaa. Familia nyingi hufanya hivi: hutamani mtoto wao awe na marafiki wasio na ulemavu, wakidhani hao ndio watakaomwinua, na yule mwenzake wa darasani wanamwona kama mzigo juu ya mzigo. Mimi nimeona tofauti. Wawili waliokaa dawati moja miaka yote ile, wakajifunza pamoja kuandika majina yao na kuvuka barabara, wanajuana kwa namna ambayo kijiwe hakitawahi kumjua mdogo wako. Mmoja akichelewa kusema, mwingine anasubiri. Mmoja akipata mhogo wa kuchoma, unakatwa katikati, na anayekata hahesabu. Hapo ndipo kinachotoka kinarudi, tena bila mtu kusimamia.

Kinachowatenganisha ni umaskini. Nauli ya daladala kwenda Pongwe na kurudi ni sehemu kubwa ya ujira wa siku kwa kijana anayepata kidogo kama yeye. Bando la kupiga simu nalo ni hela. Na kuna jambo la aibu ambalo halisemwi: huenda mama wa kijana yule anaona haya mgeni akija nyumbani hana cha kumwekea, kwa hiyo hasemi "mlete Jumapili." Urafiki wa watu wenye ulemavu wa akili hufa hivi, bila ugomvi, kwa kukosa nauli na kwa wazazi wawili kuoneana haya. Mpigie mama yule wewe mwenyewe. Mwambie mdogo wako atakuja na vitumbua vyake na sukari nusu kilo, asihangaike. Mara mbili kwa mwezi inatosha kuanzia: mara moja aende, mara moja yule aje. Nauli hiyo iwekeni kwenye bajeti ya nyumba kama mnavyoweka dawa za mama. Mara chache za kwanza msindikize, baadaye mwombe konda mnayemfahamu amshushe kituoni, na iko siku ataweza kwenda peke yake.

Na sasa niseme ambalo hukuniuliza. Umenihesabia hela zinazotoka mfukoni mwa mdogo wako, hukunihesabia zile ambazo hazijawahi kuingia. Anasukuma mkokoteni soko zima, anaosha masufuria ya mama lishe hadi usiku, na bila shaka anabebea majirani ndoo za maji. Nani anamlipa bei anayomlipa mwingine? Huko nje wanaodhulumu huwinda posho ya serikali. Kwetu hakuna posho ya namna hiyo, kwa hiyo kinachonyonywa ni nguvu zake. Mwenye mkokoteni anampa sh 1,000 pale ambapo kijana mwingine angedai mara tatu. Mama lishe anampa ukoko na mchuzi, anasema amemsaidia. Wote ni watu wazuri, wanasali, na wanaamini kabisa kuwa wanafanya hisani. Ninavyoona mimi, hapo ndipo hela nyingi zaidi inapotea kuliko kijiweni.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu. Haimgusi mama lishe wa Mgandini, kwa hiyo hapo kazi ni yako. Nenda kwa heshima, asubuhi kabla wateja hawajajaa. Usiende kulalamika. Uliza: "Dada, angekuwa kijana mwingine anaosha hivi mpaka saa mbili usiku, ungempa shilingi ngapi?" Mwache aitaje bei mwenyewe. Kisha omba apewe hiyo, mkononi mwake, kila siku muda uleule, hata kama chakula kitapunguzwa humo. Wengine watakubali. Asiyekubali, mtafutieni mwingine, maana mtu anayeosha vyombo bila kuchoka hakosi kazi sokoni.

Hela ikishaingia, mfundishe kuigawa kabla hajatoka nayo. Kama kuhesabu kunampa shida, tumia picha za noti: elfu moja yenye Mwalimu Nyerere, elfu mbili yenye simba, elfu tano yenye faru, elfu kumi yenye tembo. Niliwafundisha vijana wasioweza kujumlisha wakajua kabisa kuwa faru hatoki nyumbani na tembo anamfikia dada siku hiyohiyo. Tafuta makopo matatu: la nyumbani, la akiba, na la marafiki. Usilidharau hilo la tatu. Akipata sh 3,000 kwa siku, sh 1,000 iwe ya marafiki, aitumie atakavyo, na usimuulize. Akiwa na fungu lake halali la kuwakarimu watu hatahitaji kukopa dukani kwa siri.

Mfundishe pia zamu. Mtu anayeshindwa hesabu ya makumi anaielewa zamu vizuri sana, kwa sababu tangu utotoni amesubiri zamu kisimani na darasani. Leo mimi, kesho wewe. Mfanyie mazoezi nyumbani, wewe ukijifanya dereva wa bodaboda: unamwomba soda, anajibu "jana nilinunua mimi, leo zamu yako." Rudieni mpaka imtoke bila kutetemeka. Mpe na neno jingine la kumtoa kwenye kona, "leo sina, hela iko kwenye kopo," ambalo ni la kweli na halimwaibishi. Kisha aende kijiweni siku kadhaa na mfuko mtupu. Wale watakaomsogezea benchi na mfuko ukiwa mtupu, hao mnao.

Mmoja kati ya hao mfuate. Nadhani atakuwa yule mwenye umri mkubwa kidogo, mwenye mke na watoto. Mwambie habari ya nyumbani kama ilivyo, sukari ya mama na deni la duka, na umwombe kitu kidogo: akiona mdogo wako anatumwa au anakamuliwa, akupigie. Vijana wa kijiwe wana heshima yao, na mwenzao mmoja akisema "huyu mwacheni" huwa inatosha. Ukienda na mwenyekiti wa mtaa na vitisho, watamwacha kweli, ila watamwacha na upweke wake.

Deni la dukani. Usilipe sh 46,000 zote kwa hofu. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano yanasimama pale mtu anapokuwa na uwezo wa kuyaelewa na kupima athari zake kwake wakati anapoyafanya. Ulemavu wa akili peke yake haufuti kila deni, na wala nisingependa ufute, maana siku hiyo hakuna atakayemuuzia hata sabuni. Kaeni na mwenye duka, mfungue daftari, mdogo wako akiwepo, msome mstari kwa mstari. Alichokula yeye kilipwe kidogo kidogo kutoka kwenye kopo lake. Sigara na vocha za wengine mwenye duka awadai waliovichukua, anawajua. Akikataa, mpelekeni kwa mwenyekiti wa mtaa. Ikishindikana, muone msaidizi wa kisheria, ambaye huduma yake ni bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Na kuanzia hapo duka lisimkopeshe bila kukupigia.

Mtu atakwambia kuhusu mikopo ya halmashauri, ile isiyo na riba, ambapo asilimia 2 ya mapato ya ndani hutengwa kwa watu wenye ulemavu. Ipo kweli, ilisitishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka uliofuata. Kwa sasa mimi nisingekushauri. Mdogo wako na yule wa Pongwe, pamoja na mama zao, waanze kwanza na mchezo wa sh 2,000 kwa wiki, wazoee kuweka na kupokea. Baada ya mwaka, wakitaka kukaanga karanga au kuosha pikipiki, ndipo mwende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mkopo juu ya mtu ambaye bado hajashika zamu ni deni jingine tu.

Simu ni yake. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na kifungu cha 12 kinatambua haki yao ya kusimamia fedha zao wenyewe, wakipewa msaada wanaouhitaji. Msaada ndio kazi yako. Kama namba ya siri haikai kichwani, isiandikwe kwenye karatasi nyuma ya kava kama wengi wanavyofanya. Simuni ibaki hela ndogo tu, nyingine iende kwenye kopo.

Na lile la leo hii ni laini iliyosajiliwa kwa kidole chake. Hiyo ni hatari kuliko deni lote la duka, kwa sababu ikitumika kutapeli watu, atakayetafutwa ni yeye. Kaa naye, shikeni simu yake, mpige *106# muone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Kesho asubuhi nendeni na kitambulisho chake kwenye duka la mtandao husika, mwombe ile msiyoijua ifutwe. Mkiambiwa imeshatumika vibaya, kutoka hapo nendeni moja kwa moja polisi mkatoe taarifa kabla hamjaitwa. Dirishani asimame yeye mbele, wewe pembeni, na aulizwe yeye laini ipi ni yake.